Mwambie Mwanangu

Truphena hakusalimu. Marion alikuwa jikoni kwao Suna akichambua mnavu, simu ameibana kati ya sikio na bega. Kitu cha kwanza alichosikia kilikuwa pumzi ya mtu aliyetembea kwa haraka. Kisha sauti ikasema, polepole kama ya mtu anayetangaza msiba, kwamba atafute mwanamke mwingine wa kuwa mke wa Gisiri, kwa sababu yeye hawezi tena, leo wala kesho, hata akibembelezwa namna gani.

Marion alidhani wamegombana. Jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko ugomvi, maana ugomvi una dawa yake.

Asubuhi ile, nyumbani kwa Pamela, dada mkubwa wa Truphena, huko Kosele, walikuwa wamepokea wageni kutoka Ntimaru waliokuja kujitambulisha. Binti wa Pamela, Emmaculate, alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya upande huo wa Ntimaru, na kwa muda jamaa walikuwa wakisikia habari za kijana wa Kikuria aitwaye Matiko, mpole wa maneno, mwenye duka la dawa za mifugo. Truphena alipewa heshima ya kuwanawisha wageni mikono. Akaingia na birika na beseni, akamnawisha mzee wa kwanza, akamnawisha wa pili, akafika kwa kijana aliyeketi katikati ya wajomba zake, na kabla hajauona uso akavitambua vidole. Alikuwa Gisiri Matiko, yule yule ambaye kila Jumamosi, tangu mahindi yapandwe, alikuwa akimwita mke wangu na ua la moyo wangu katika ukumbi wa Suna. Beseni liliachwa palepale sakafuni. Truphena akatoka kwa mlango wa nyuma, leso usoni.

“Dada ya mama ni mama,” alimwambia Marion sasa kwenye simu. “Mimi ni mama mkwe wake. Na wewe ulimlaza kichwa mapajani mwangu, mbele ya watu, ukasema tena turudie ili aonekane amechoka zaidi.”

Marion akaketi juu ya gunia la makaa. Alilijua neno maro, mama mkwe, kama alivyojua maneno mengi ya Kijaluo na ya Kikuria: kwa jina tu, jinsi mtu anavyojua jina la chakula asichowahi kukionja. Baba yake alikuwa Mkuria na mama yake Mjaluo, na ili mmoja asimshinde mwingine, nyumba yao iliendeshwa kwa Kiswahili, na mila za pande zote mbili zikaachwa mlangoni pamoja na viatu. Hivyo alijua kwamba mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali kutoka chungu kimoja. Hakuwa amewahi kuona neno hilo linavyomtetemesha mtu mzima sauti.

Na tamthilia waliyokuwa wakiifanyia mazoezi ilikuwa Ijumaa.

Chuo kilikuwa kimetangaza kwamba idara yao ya sanaa za maonyesho itafungwa muhula huu ukiisha. Mwanafunzi ambaye angekuwa ameonyesha kazi yake ya mwisho mbele ya mtahini angehitimu. Ambaye hakuonyesha angehamishiwa shahada nyingine, aanze upya mwaka wa kwanza, kana kwamba miaka yote iliyotangulia ilikuwa ndoto ya mchana. Daktari Bichage, mtahini wake, alikuwa amekwisha kupanga safari ya kuja Suna, Migori, siku hiyo moja, na siku nyingine hakuwa nayo.

Tamthilia yenyewe iliitwa Ng'ambo Mbili. Ilikuwa habari ya mume aliyekwenda kutafuta kazi mji wa mbali na mke aliyebaki kando ya Ziwa, na jinsi wanavyotumiana mapenzi kwa simu hadi siku ya kuonana tena. Marion aliiandika akiamini kwa moyo wote kwamba hamu ya mtu kwa mtu haina kabila. Kwa imani hiyo alimchukua mwanamke wa Kosele na mwanamume wa Ntimaru, akawakutanisha katikati, mjini, mahali ambapo hakuna aliye mwenyeji kumzidi mwenzake. Maneno aliyowapa yalikuwa mazuri mno. Truphena alikuwa akiyasema kwa utiifu, lakini wakati wa mapumziko hakujizuia.

“Mdogo wangu,” aliwahi kusema, “siku mume wangu ataniambia kwamba moyo wake ni ziwa lisilo na ukingo, nitamuuliza amekunywa nini.”

Marion alimpigia Gisiri. Kama Truphena alikuwa na fadhaa, Gisiri alikuwa mgonjwa kabisa. Alisema hajala tangu arudi, na wajomba zake wanamwangalia kama ndama aliyezaliwa na miguu mitano. Alipoelezwa kwamba ni mchezo tu, alisema kwa upole wake ule ule:

“Dairekta, ukiniambia nibebe mawe mgongoni kutoka Suna hadi Ntimaru, nitabeba. Hilo siwezi. Ninataka kuoa.”

Ilikuwa ajabu kwamba wazee wa pande mbili, ambao hata juu ya idadi ya ng'ombe wa mahari walikuwa bado wanavutana, juu ya jambo hili walikuwa wamepatana bila hata kuitana.

Kesho yake Marion alikwenda Kosele. Alikuwa amepanga hoja zake kama alivyofundishwa kupanga insha, nyepesi mbele, nzito nyuma. Pamela alimpokea kwa uji wa wimbi, akamketisha penye kivuli cha ghala, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo lililomtia Marion matumaini ya bure. Alieleza kwamba jukwaani mtu huwa si yeye. Alieleza kwamba Truphena akisimama pale si Truphena tena, ni mwanamke mwingine ambaye hajazaliwa popote isipokuwa kwenye karatasi.

Pamela aliuliza kama huyo mwanamke ana ulimi wake mwenyewe, au anaazima wa Truphena.

Marion alikiri kwamba anaazima.

“Na mapaja?”

Marion alitazama ndani ya kikombe cha uji.

“Nyathina,” Pamela alisema, na neno hilo, mwanangu, lilikuwa la huruma ya kweli, “sikukatazi kusoma. Lakini watu wa Ntimaru wakisikia kwamba kijana wao alimkumbatia mama mkwe wake mbele ya umati, watamtafutia kondoo wa kumtakasia, na mwanangu Emma atakuwa kicheko cha zahanati nzima. Na watu wetu wakisikia, hata huyo kondoo hawatamngoja. Uchumba utakufa siku hiyo hiyo.”

Truphena alikuwa nyuma ya jiko akibambua njugu, amewapa mgongo.

Mara mtu akakohoa upande wa barabara. Ni kikohozi cha adabu, kisicho na kamasi. Ng'ambo ya ua wa minyaa alikuwa amesimama Gisiri, pikipiki yake kaiacha mbali ili isije ikapiga kelele, naye kauelekeza uso wake barabarani kama mtu anayengoja gari. Alikuwa amekuja bila mshenga, kosa ambalo alilijua, na kwa kuwa alilijua hakutia mguu ndani. Pamela alipomwona aliinuka na kuingia nyumbani bila haraka wala kuaga, na mlango ukarudishwa nusu. Uani wakabaki watatu: Truphena nyuma ya jiko, Gisiri nje ya ua, na Marion katikati na kikombe mkononi.

“Marion,” Truphena alisema bila kugeuka. “Mwambie mtu aliye nje kwamba jana aliondoka bila kula.”

Marion akasema kwamba bila shaka mwenyewe amesikia. Hakuna aliyejibu. Kuku akapita na vifaranga vyake, akatoweka chini ya ghala, na bado hakuna aliyejibu. Ndipo Marion alipotambua kwamba wote wawili wanamngoja yeye. Akakiweka kikombe chini, akatembea hadi kwenye minyaa.

“Anasema jana uliondoka bila kula.”

“Mwambie mama chakula kilikuwa kizuri,” Gisiri akaiambia barabara. “Koo ndilo lililokuwa limeziba.”

Marion akarudi. Akaufikisha ujumbe, akijiona mjinga kidogo, na kicheko kikimtekenya kooni.

“Mwambie njia ya Ntimaru ina utelezi siku hizi. Asiendeshe pikipiki kama mtu anayefukuzwa.”

Akaenda. Akaambiwa amwambie mama kwamba ataendesha taratibu. Kisha Gisiri akaongeza, baada ya kuvunja kijiti kidogo cha mnyaa na kukumbuka kwamba utomvu wake huwasha, akakitupa:

“Mwambie pia kwamba kila nililolisema kule Suna, nililisema kwa heshima.”

Safari hii Marion alitembea taratibu. Sentensi ile ilikuwa mdomoni mwake kama maji ndani ya kata iliyojaa hadi ukingoni. Si mali yake, na akijikwaa itamwagika. Alipoisema, mikono ya Truphena ilisimama juu ya ungo.

“Mwambie najua,” Truphena alisema hatimaye. “Angekuwa mtu wa ovyo nisingeona haya.”

Marion alipoifikisha hiyo, Gisiri alivuta pumzi kwa mara ya kwanza kama mtu aliyeshushiwa mzigo, na mabega yake yakalegea. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hakuna aliyetaja moyo wala ziwa wala ua. Na Marion, aliyekuwa amesimama katikati ya kiwanja kile chenye mavi ya kuku, alijua kwamba katika mazoezi yote ya Suna, pamoja na machozi yote aliyowafundisha kuyatoa, hajawahi kuona watu wawili walio karibu hivi.

Alikwenda mlangoni kwa Pamela karibu akikimbia.

Alisema hakutakuwa na mume wala mke. Kutakuwa na mama aliyebaki nyumbani na mwana aliye mbali, na hawatatazamana tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno yao yatabebwa na mtu wa tatu atakayekwenda huku na huku. Pamela alilitafakari hilo akiwa amesimama ndani ya giza la nyumba yake, mkono kwenye kizingiti.

“Na mapaja?”

“Hakuna mapaja, mama.”

“Na lile ua la moyo?”

“Nimelikata.”

Pamela alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kicheko. Kisha akatoa shauri lake. Truphena angeigiza, lakini yeye Pamela angekuja mwenyewe na kuketi karibu na mlango, na akiona jicho moja limegeuka mahali lisipopaswa, atainuka, atamchukua dada yake na kuondoka naye katikati ya mchezo, na maneno ya harusi yatakuwa yameishia hapo. Marion alikubali upesi mno. Ni njiani tu alipotambua kwamba sasa alikuwa amebeba vitu viwili juu ya kichwa kimoja, shahada yake na ndoa ya Emmaculate, na kwamba kimoja kikianguka kitaangusha na kingine.

Zilizobaki zilikuwa siku za kukata maneno. Kila mahali palipoandikwa mpenzi, mstari ulipita, na baada ya mpenzi kuondoka, maneno mengine mengi yalionekana hayana kazi, kama nguzo za hema lililokwisha kung'olewa. Karatasi zilibaki na mashimo. Marion akamuuliza Truphena yeye na mumewe Joash, aliyekuwa mlinzi huko Mombasa, huzungumza nini wakipigiana simu. Truphena alifikiri, akacheka, akasema Joash huuliza kama kuku mweupe ameangua.

“Na akikata simu, unajuaje kwamba amekukumbuka?”

“Ameuliza kuku, si unaona? Joash hapendi kuku hata kidogo.”

Marion akaziba mashimo kwa maneno ya namna hiyo: mvua, utelezi, paa linalovuja, njugu. Lakini tundu moja halikuzibika. Mtu wa tatu, mbeba maneno, hakupatikana. Rafiki aliyemtegemea alikuwa kazini, mwingine alitaka kwanza aone yote yameandikwa, na siku zilikuwa zinakimbia. Ikabidi awe yeye mwenyewe. Yeye, aliyechagua kuongoza wengine kwa sababu macho ya watu yakimwelekea ulimi wake huwa ubao. Alijiambia kwamba mbeba maneno hana lake la kusema. Atarudia ya wengine tu.

Ijumaa alasiri ukumbi wa Suna ulijaa. Walikuja majirani, wakaja watu wa Kosele waliokuwa na hamu ya kuona kashfa, na watu wa Ntimaru waliokuja kuhakikisha kwamba haitokei, kwa maana habari za uchumba ule zilikuwa zimefika mjini kabla ya wahusika wenyewe. Daktari Bichage aliketi benchi la mbele, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu, kalamu tayari. Pamela, kama alivyoahidi, aliketi benchi la mwisho kabisa, kando ya mlango, na kwa kufanya hivyo akamharibia Gisiri nafasi yake, kwa kuwa mwana aliye mbali alipangiwa kusimama hapohapo mlangoni. Gisiri alipomwona alirudi nyuma hatua kwa hatua hadi akawa nje kabisa, juu ya kizingiti, mgongo kwa watu. Marion alilitazama hilo kutoka jukwaani, akaliacha. Umbali ulikuwa umeongezeka, na tamthilia ilikuwa ya umbali.

Wakaanza. Truphena aliketi jukwaani na ungo wake wa njugu, uso kaugeuzia ukutani, na kati yake na mlango ikalala njia ndefu iliyopita katikati ya mabenchi. Marion akaitembea. Alibeba habari za paa linalovuja, akarudi na habari za baridi ya mji. Alibeba swali kama mwana anakula, akarudi na uongo wa adabu kwamba anakula vizuri. Watu walicheka mahali pa kuchekea, wakanyamaza mahali ambapo hakutarajia wanyamaze. Kila aliporudi alimwona Pamela bado ameketi, akashukuru, akatembea tena.

Kisha Truphena akatoa ule ujumbe mkubwa, ambao mchezo wote uliujengea njia. Marion aliupokea, akageuka, akashuka jukwaani. Alipompita Daktari Bichage aliona kalamu imesimama, na miwani imeinuliwa, na macho yaliyo nyuma yake yanamtazama yeye. Yeye hasa, Marion. Akafika katikati ya njia. Akafungua mdomo, na mdomoni hamkuwa na kitu.

Yalikuwa yamemwagika yote. Alikumbuka kwamba kulikuwa na ujumbe, kama mtu anayekumbuka kwamba aliota. Ukumbi ulimngoja. Nje, juu ya kizingiti, mgongo wa Gisiri ulingoja. Marion alihisi miaka yake ya chuo ikitoka kupitia nyayo, na zaidi ya hiyo alimwona Pamela anasogeza mkoba wake magotini, kama mtu anayejiandaa kuinuka.

Truphena, aliyekuwa ametazama ukuta, hakuona lolote. Alisikia tu kwamba miguu imenyamaza. Alingoja kidogo. Halafu aliugeuza uso wake kiasi cha kuliona benchi la kwanza na si zaidi, na hapo aliyekuwa karibu kuliko wote alikuwa Daktari Bichage.

“Mama,” Truphena alimwambia, kwa sauti ile ile ya mchezo, “huyu mtoto amechoka kutembea. Nisaidie wewe. Mwambie mwanangu njugu zake nimemtengea, lakini panya hawajui kungoja.”

Marion akafumba macho. Mtahini wake alikuwa ametumwa kama mtoto wa dukani.

Kisha akasikia benchi likilia, na sauti ya Daktari Bichage, sauti ya darasani, ikisema kwa kusitasita kuelekea nyuma: “Anasema njugu zake amemtengea. Lakini panya hawajui kungoja.”

“Njugu zipo, ila panya nao wapo,” akasema mwanamume wa benchi la pili, akageuka kwa wa tatu. Mwanamke mmoja akaupokea ujumbe na kuuongezea kwamba mvua imeanza, asisahau sweta. Mwingine akauliza ni panya wangapi, akaambiwa apeleke maneno na aache maswali. Ukapita hivyo, benchi kwa benchi, Wajaluo wakiwapa Wakuria na Wakuria wakiwapa Wajaluo, wengine wakicheka, mzee mmoja akiusema kwa uzito kama wosia, ukampita Marion kushoto na kulia jinsi maji yanavyolipita jiwe, ukafika benchi la mwisho. Kijana aliyekuwa mwisho wa mstari akamwinamia Pamela na kumnong'oneza.

Na hapo ukakwama. Kila mtu aliona kwamba umekwama. Kati ya Pamela na Gisiri palibaki hatua moja tu, na ilikuwa hatua ambayo Pamela, mama wa bibi harusi, alikuwa na haki ndogo ya kuivuka kuliko mtu yeyote mle ukumbini. Watu wa Kosele wakageuka kumtazama. Watu wa Ntimaru pia. Hata waliokuwa wanacheka waliacha.

Pamela aliuweka mkoba chini. Akajipanga vizuri kwenye benchi, akampa Gisiri mgongo kamili, akaugeukia mlango wenyewe uliofunguliwa na kulazwa ukutani, mlango wa mbao wenye rangi ya buluu iliyobanduka.

“Mlango,” alisema. “Mwambie mwanetu aliye huko nje kwamba njugu zake zipo. Mama amemtengea. Asiwaachie panya.”

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga mabenchi kwa viganja, na mwanamke aliyetaja sweta akawa anajifuta macho kwa mkono wa blauzi. Wengine walikuwa wamesikia mzaha. Waliojua, walisikia neno mwanetu, na walijua kwamba Pamela hakuwa mtu wa kulitoa neno kama hilo kwa sababu ya mchezo tu.

Gisiri naye alilisikia. Akajibu, mgongo bado kwa watu.

“Mlango, mwambie mama nimesikia. Mwambie mwenye njugu hayuko mbali tena. Yuko hapa.”

Jibu likaanza safari ya kurudi, benchi kwa benchi, haraka kuliko lilivyokuja, na lilipofika katikati Marion aliona miguu yake inasogea yenyewe. Alilipokea kutoka kwa mzee wa wosia, akalibeba kwa hatua zilizobaki, akapanda jukwaani. Halikumwagika.

“Mama,” alisema, “anasema mwenye njugu yuko hapa.”

Truphena hakugeuka. Alinyoosha mguu, akakivuta kigoda kilichokuwa kando yake, akakisukuma kwa kisigino kuelekea upande wa mlango, mahali mgeni angeweza kuketi bila kuonekana. Kisha akaendelea kubambua. Huo ndio ulikuwa mwisho.

Baada ya makofi Daktari Bichage alimwita pembeni. Marion hakungoja aulizwe. Alisema kwamba yale ya mabenchi hayakuwemo katika mchezo, kwamba alisahau, kwamba maneno yalimtoka yote, na kama hilo linamharibia alama yuko tayari.

“Nilijua umesahau,” Daktari Bichage alisema. “Niliona shingo yako ilivyokakamaa.” Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya blauzi, akaivaa tena. “Miaka yote hii nimekaa mbele ya maonyesho ya wanafunzi, hakuna aliyewahi kunipa kazi. Nilipogeuka kumwambia yule bwana wa nyuma, moyo ulinidunda. Niliogopa nitakosea. Unaelewa? Niliogopa kumkosea mtu ambaye hayupo.” Akafunga kalamu. “Umefaulu, Marion. Katika ripoti andika kwamba ulisahau. Usijipambe.”

Marion alisema ahsante. Alitaka kusema na mengine, lakini akaketi kwenye benchi. Alikaa hapo muda, mikono juu ya mapaja, akihisi njaa kali, nzuri, ya mtu aliyepona homa.

Alipoinua kichwa watu walikuwa wamekwisha kutoka. Pamela alikuwa nje na Emmaculate, akimweleza jamaa fulani wa Ntimaru, bila kumtazama moja kwa moja, kwamba wakija safari ijayo waje na mshenga anayejua kuhesabu ng'ombe. Ndani walikuwa wamebaki Truphena na Gisiri, kila mmoja ameshika upande wake wa ukumbi, amebeba vifaa vyake, amegeukia dirisha lake. Mlango ulikuwa mmoja. Truphena hangepita mbele ya mkwe, na mkwe hangetangulia mbele ya mama, na kwa jinsi walivyosimama kwa utulivu ilionekana wangeweza kulala hapo hadi Jumapili.

“Marion,” Truphena akaita, akiongea na dirisha. “Mwambie mwana atangulie. Ana safari ndefu.”

“Dairekta,” Gisiri akasema, naye kwa dirisha lake, “mwambie mama hilo haliwezekani. Atangulie yeye.”

Marion akainuka kwenda kumwambia, akafika nusu ya njia, na kicheko kikamshika hata akalazimika kuegemea ukuta. Walimngoja wote wawili, kwa subira, hadi alipoweza kusema tena.